Mgeni wa Katarina Msimu wa Ndege

Haya, nakutegea wewe uliyekaa hapo. Ana kazi moja tu tangu asubuhi mpaka jioni, nayo ni kukaa. Lakini jua likizama amechoka kuliko aliyeshika jembe. Ni nani?

Usinitazame tu. Mtoto mchanga? Hapana, huyo hulala. Hakimu? Hakimu ana mshahara wa kumpumzisha. Umeshindwa, nipe mji. Umenipa Ifakara? Asante, nimekwenda Ifakara, nimekula samaki mbasa kwa wali, nimerudi nimeshiba, na jibu lenyewe ni hili: ni mgeni. Mgeni anayependwa kupita kiasi.

Na ukiniuliza ni nani anayemzidi huyo kwa uchovu, nitakuambia ni mwenyeji wake. Katarina wa Idete angekuambia hivyo hivyo, mwaka ule uliofuata mafuriko makubwa ya El Nino, kama angekuwa na nguvu ya kufungua mdomo.

Katarina alikuwa mjane, mama wa Festo. Mwaka wa mafuriko maji yaliingia bondeni yakachukua mpunga wake wote, na nyumba nzima ikala mahindi ya njano ya msaada mpaka mate yakawa na ladha ya gunia. Mwaka huu shamba lilikuwa limekubali. Mpunga ulisimama mpaka kiunoni, ukaanza kutia maziwa. Lakini unajua mpunga ukitia maziwa. Ndege kwelea hupata habari hata wawe Malawi. Hushuka kundi zima kama moshi uliogeuka njia, na wakiinuka wameacha makapi yanayopeperuka. Kwa hiyo majuma hayo watu wa bondeni huhama. Nyumba hufungwa, kuku hubebwa, kila familia huenda shambani kwake kukaa kibandani, na tangu alfajiri kuna mtu juu ya dungu, kile kichanja cha miti, ana kombeo mkononi, ana kamba za makopo za kuvuta, na ana sauti yake. Hashuki mpaka ndege wakalale. Kijijini hubaki wagonjwa, vikongwe na mbuzi wakorofi.

Na ndani ya majuma hayo hayo ndipo mgeni akaja.

Kulikuwa na parokia moja huko Austria iliyofanya udugu na parokia ya hapa. Wakatuma watu wao waje kuishi na familia, kila mmoja kigango chake, yaani tawi la parokia kijijini, wasali pamoja na wenyeji na wafanye kazi pamoja nao. Aliyepanga tarehe hakujua mpunga. Idete wakapewa Hedwiga, bibi mrefu mwenye mvi tupu, miguu imevimba kwa safari, aliyejifunza Kiswahili kwenye kaseti jikoni kwake, akawa anakitoa neno moja moja kama mtu anayetoa miiba ya samaki mdomoni.

Alipelekwa kwa Katarina kwa sababu nyumba ya Katarina ilikuwa na bati na sakafu ya saruji. Festo aliijenga kabla hajaenda kukata miwa Kidatu. Godoro lilitoka kwa Mzee Sadallah, mwenye duka la vitambaa Ifakara. "Mgeni wenu ni mgeni wetu," alisema Mzee Sadallah, "ila nailoni yake msiivue." Basi kila Hedwiga alipojigeuza, chumba kizima kilisikika kama mtu anakaanga vitumbua.

Mwenyekiti wa kigango, Eustaki, ndiye aliyeweka sheria. Mwaka uliopita, kigango kimoja cha jirani kilimwacha mgeni wake akachote maji kisimani, naye akaanguka kwa jua. Habari ile ilitembea vigango vyote, na watu wa kule mpaka leo wakienda semina huulizwa, "Mmekuja na kisima chenu?" Eustaki aliapa kwamba Idete haitachekwa.

"Asiguse jembe," alisema mbele ya kamati. "Asiguse ndoo. Mwiko asiujue. Jua lisimwone. Mtu mzima yule, bibi wa watu."

Kisha akaenda kanisani na vijana wawili, wakabeba kile kiti kikubwa cha padre, chenye mikono na mto mwekundu, wakakiweka kivulini uani kwa Katarina. Hapo ndipo Hedwiga alipoketishwa. Jumapili kiti kilirudishwa kanisani kwa ajili ya misa, na baada ya misa kikarudi uani, na Hedwiga nyuma yake.

Kila asubuhi bibi yule alitoka chumbani amevaa viatu vizito vya kamba, amefunga kitambaa kichwani, amekunja mikono ya blauzi kama mtu anayekwenda kazini. Alimkuta Katarina anafagia.

"Mama Katarina," alisema, "leo nikusaidie nini?"

"Wewe pumzika tu, mama. Umetoka mbali."

Naye alitii, akaenda akaketi. Wakaja wazee wa kigango kumsalimia. Wakaja wanakwaya wachache waliozuiwa kwenda mashambani, wakamwimbia. Wakaja watoto wadogo kuangalia jinsi mishipa yake ya mikono inavyoonekana. Kila aliyekuja alitaka chai, na chai ilitaka kuni, na kuni zilitaka mgongo wa Katarina. Kuku alichinjwa. Kesho yake akachinjwa ndugu yake. Ukimtazama Hedwiga ulimwona anatafuna huku macho yake yanaomba msamaha.

Katarina alikuwa anasikia mwili umekuwa wa mtu mwingine. Alikuwa akichambua mchele, mkono unasimama wenyewe kwenye ungo, na masikio yake yako bondeni. Kule alikuwa amemwacha mkwe wake Yunis, mke wa Festo, peke yake na kichanga mgongoni. Dungu linataka watu wawili: mmoja akipumzisha koo, mwingine anapokea. Yunis alikuwa hana wa kumpokea. Na mpunga ule ukiliwa, hakuna mwingine. Msaada wa mahindi ulikuwa umekwisha, serikali ilikwisha kusema mwaka huu watu wamelima.

Siku moja asubuhi akapita Nyamizi. Huyu ni Msukuma, walihamia bondeni na ng'ombe wao, na shamba lao limepakana na la Katarina. Alikuwa amejitwika kibuyu cha maziwa kwenda kuuza.

"Mwangaluka, mayu!" alisalimia, akashusha mzigo. Akamtazama Hedwiga kwenye kiti cha padre, akamtazama Katarina aliyejaa majivu. "Kumbe ndiyo kazi yako siku hizi. Sisi tunafuga ng'ombe, wewe unafuga mgeni."

"Nyamizi, mdomo wako."

"Nasema kweli! Tena ng'ombe tunawaruhusu kutembea." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mayu, ndege wameshuka jana shambani kwa Dionisi. Wamesafisha upande wote wa mtoni. Leo au kesho wako kwako. Yunis anapiga kelele, lakini sauti imekauka, inatoka kama ya jogoo mgonjwa. Na jana mchana nimemkuta juu ya dungu amejifunika kanga gubigubi, jua linawaka."

"Homa?"

"Mimi si daktari. Nimempa maziwa, akayatapika. Nikipata nafasi nampigia makopo yake upande ule, lakini na mimi nina langu."

Katarina alisimama na ufagio mkononi muda mrefu baada ya Nyamizi kuondoka. Kwenye kiti, Hedwiga alikuwa ameinamia mbele, anajaribu kukamata maneno.

"Mama Katarina, kuna shida?"

"Hakuna, mama. Ni habari za maziwa."

Alikwenda kwa Eustaki akiwa hajavua hata kanga ya jikoni. Alimkuta anapanga mabenchi.

"Eustaki, niruhusu niende bondeni. Yunis anaumwa."

"Jumapili padre anakuja na wageni wote kutoka Ifakara. Vumilia mpaka Jumapili."

"Ndege hawamngoji padre."

"Sasa ukiondoka nani atakaa naye? Katekista Polikarpo yuko shambani. Jirani yako Eliza ana uchungu, anangoja kujifungua. Nikuwekee nani pale, mbuzi?"

"Basi nipe wanakwaya wawili wakamsaidie mkwe wangu."

"Wanafanya mazoezi ya ngoma ya kumuaga."

"Kumuaga! Hata hajafika bado, Eustaki. Yuko kwenye kiti tu."

Eustaki akakaa kwenye benchi alilokuwa amelishika. Akajifuta uso kwa kofia. Alikuwa amekonda, ukimwangalia vizuri. "Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "na mimi mke wangu yuko peke yake bondeni. Unafikiri nikifumba macho naona nini? Naona ndege. Lakini tukishindwa kumtunza bibi mmoja, watatusema mpaka tunazikwa. Jumapili si mbali."

Hata Katarina alikuwa anaogopa kusemwa. Akarudi nyumbani akawasha moto.

Jioni ile, kabla ya giza, hakuja mtu wa kusalimia. Katarina alimsogezea Hedwiga kigoda karibu na mafiga, akamwambia akae hapo kidogo, kile kiti kipate hewa. Walikuwa wanangoja maharage yaive. Katarina alikuwa mtu wa vitendawili tangu utoto wake, na alipochoka kabisa ndivyo vilivyokuwa vinamtoka, kama vile mwingine anavyopiga miayo.

"Nikutegee, mama," alisema. "Wakiwa na njaa wanasimama wima. Wakishiba wanainama."

Hedwiga akafikiri, kidole kwenye shavu. "Kaka zangu," alisema mwishowe. "Siku ya Krismasi. Wakishiba, wanainama, wanalala mezani."

Katarina akacheka mpaka akashika kiuno, na kicheko kilimuuma, alikuwa hajakitumia siku nyingi. "Siyo kaka zako. Ni mpunga. Suke likiwa tupu linasimama, likijaa linaangalia chini."

"Mpunga." Hedwiga akalirudia neno lile. "Kila siku nakula wali. Mpunga sijauona. Wewe una mpunga?"

"Ninao."

"Uko wapi?"

Katarina akanyoosha mdomo upande wa bondeni. Hedwiga akatazama huko, ambako hapakuwa na kitu ila nyumba zilizofungwa na moshi mwembamba mbali sana.

"Nyumba hazina watu," alisema. "Nilifikiri watu hapa ni wachache. Wako kule?"

"Wako kule. Wanafukuza ndege."

 Bibi yule akavua kiatu kimoja, akaanza kuusugua mguu wake uliovimba, na alipoanza kusema tena alisema polepole, anachagua kila neno.

"Mama Katarina, mimi nilikuwa na duka la mikate, na mume wangu. Saa za usiku tunaamka, tunakanda. Maisha yote. Mume wangu akafa, watoto wakasema, mama, sasa pumzika. Wakaninunulia kiti. Kiti kizuri, karibu na dirisha. Nikakaa. Nikachoka." Akakipa kile kiti cha padre jicho moja. "Nikasema, nitakwenda Afrika, nitatumika, bado nina mikono. Padre wetu akatufundisha kabla ya safari: msikatae kitu. Wakiwapa chakula, kuleni. Wakisema njooni, nendeni. Wakisema kaeni, kaeni. Msijifanye mnajua. Basi mimi nakaa." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nimevuka bahari nzima, Mama Katarina. Nimetoka kwenye kiti, nimekuja kwenye kiti. Siku zinakwisha. Kila siku nakuuliza nikusaidie nini, na wewe hujanijibu."

"Nakujibu. Nakuambia pumzika."

"Hiyo siyo jibu. Hiyo wanasema na watoto wangu."

Katarina alifunua sufuria, maharage yalikuwa bado. Alitamani kusema.  Lakini akilini alimwona Eustaki na kofia yake, aliwasikia watu wa vigango wakiulizana, na aliiona ile miguu imejaa kama mihogo iliyolowekwa. Bondeni kuna maji ya magotini, kuna ruba, kuna nyasi zinazokata. Bibi wa watu!

"Yanakaribia kuiva," alisema, akafunika.

Hedwiga akavaa kiatu chake.

Asubuhi yake, wanakwaya walikuwa wameshafika na ngoma, Eustaki anawapanga mistari mbele ya kiti, Hedwiga ameketi na blauzi yake imekunjwa mikono bila kazi. Kwaya ikaanza, vigelegele vikapigwa, na katikati ya vigelegele Katarina aliona mtu anakuja njia ya bondeni. Alitembea hatua chache, anasimama, anashika mti, anatembea tena. Matope yalikuwa yamemkaukia mpaka mapajani.

"Yunis!"

Katarina alimdaka kabla hajafika uani. Mwili ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka jikoni, na meno yanagongana. Kichanga mgongoni kilikuwa kimelala hoi kwa kulia.

"Mama, nisamehe," Yunis alisema. Sauti haikuwepo, ulisikia pumzi tu. "Nimeshuka. Nimeanguka kwenye dungu, nikasema nikimwangukia mtoto... Nimeshuka, mama."

"Nani yuko juu?"

Yunis akatikisa kichwa.

"Yunis, nani yuko juu ya dungu?"

"Hakuna mtu. Walikuwa wanazunguka. Nimewasikia nyuma yangu wakati nakuja."

Ngoma zilinyamaza moja moja. Katarina alikifungua kichanga mgongoni, akampa mama mmoja wa kwaya. Alimwegemeza Yunis ukutani, akamfunika kanga yake mwenyewe. Kisha akajifunga kitenge kiunoni, akakaza fundo kwa nguvu. 

"Eustaki, baiskeli yako."

"Yangu?"

"Mpakie Yunis umpeleke zahanati. Mtu amshike kwa nyuma asianguke. Nyinyi wa kwaya, mpeni mtoto uji, uko kwenye chungu kile."

"Sawa, sawa, nampeleka sasa hivi," alisema Eustaki, "lakini Mama Festo, na wewe unakwenda wapi? Mgeni je? Mbele ya watu hivi?"

"Nakwenda kwenye mpunga wangu."

"Peke yako? Shamba lote lile? Una umri gani wewe? Kwa sauti ipi?"

Hilo ndilo lililomsimamisha. Maana ilikuwa kweli. Alilipigia hesabu kichwani shamba lake, upande wa mtoni na upande wa Nyamizi, akajiona amesimama katikati anapiga kelele huku, ndege wanashukia kule. Wale wanakwaya walikuwa wanatazama chini, na wao kila mmoja alikuwa ameacha dungu la mama yake.

Kiti cha padre kililia. Hedwiga alikuwa ameshika mikono ya kile kiti, anajisukuma juu, taratibu, mpaka akasimama wima kwenye viatu vyake vizito. Eustaki akamkimbilia. "Kaa, mama, kaa, hakuna tatizo, ni mambo yetu madogo ya hapa."

Bibi yule hakukaa. Alimpita Eustaki, akaja mpaka pale Katarina alipokuwa, akamtazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mama Katarina," alisema, "leo nikusaidie nini?"

Eustaki akafungua mdomo amjibie, kama alivyozoea. Katarina akanyoosha mkono, akamzuia.

"Ndege wanakula shamba langu," alimwambia Hedwiga, pole pole, ili kila neno lifike. "Sasa hivi, wakati tumesimama hapa. Sina mtu. Chukua sufuria ile na mwiko ule, uvue na soksi, kuna maji njiani. Tukifika utapanda dungu, mimi nitashika upande wa mtoni, na wewe utapiga sufuria, upige na kelele, kwa lugha yenu yoyote, mpaka koo likauke. Utachoka sana, mama. Na mimi nimechoka, nimechoka tangu ulipokuja. Hicho ndicho ninachokitaka kwako. Twende."